Perpetua Nasirumbi, Mpishi wa Kiamurigo, na Matoleo ya Watoto Kumi na Mmoja

Alizaliwa tarehe saba Machi mwaka wa 1954, siku ambayo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Perpetua, katika kijiji kilichoko juu ya Kimilili, pale Mlima Elgon unapoanza kupanda. Kwa hiyo padre aliyembatiza hakuhangaika kutafuta jina. Nyumbani aliitwa Nasirumbi, na jina hilo ndilo lililomfuata mpaka kaburini, ingawa watu wa Nyeri walichukua miaka kulitamka vizuri. Baba yake alikuwa askari polisi, na askari ni kama mbegu ya nyasi, huota pale upepo unapomtupa. Mwaka wa 1965 upepo ulimtupa Nyeri pamoja na mke wake, watoto watano, na jiwe la kusagia ambalo mama alikataa katakata kuliacha. Wakakaa katika laini za polisi, chumba kimoja, baridi ya mlima ikipenya chini ya mlango kama paka.

Alipelekwa shule akiwa na miaka kumi na mmoja. Kikuyu hakukijua, Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani, na herufi zilimkimbia kama kuku walioona kisu. Siku moja habari zikaenea kwamba mkaguzi wa shule anakuja. Mwalimu wa darasa la tatu akapitisha macho kwenye madawati, akachagua watoto wanne wasiojua kusoma, akawatuma msituni waokote kuni mpaka jua lipinduke. Nasirumbi alikuwa wa pili kuitwa. Hakupigwa wala hakutukanwa, na hapo ndipo penye uchungu, kwa maana mtoto aliyepigwa ana alama ya kumwonyesha mama yake. Yeye alirudi nyumbani na mzigo wa kuni tu, na mama akamsifu kwa kuni nzuri. Habari hiyo aliisimulia mara moja tu, uzeeni. Alisema kwamba kule msituni, chini ya mwerezi, aliinua macho akauliza, “Mungu, hata wewe mkaguzi akija utanificha?” Hakusikia sauti yoyote. Alisikia baridi, na ndani ya baridi hiyo amani ambayo hakuwa ameitafuta.

Mama yake alifariki mwaka wa 1968, na Nasirumbi akaacha shule akiwa darasa la nne ili awalee wadogo zake. Alitoka darasani akijua kusoma vitu viwili: kitabu cha sala na uso wa mtu. Vyote viwili alivisoma polepole, akiweka kidole chini ya kila neno.

Mwaka wa 1974 alifunga ndoa kanisani huko Naro Moru na Yohana Muchiri, mwanamume mpole aliyekuwa akiwabebea mizigo wageni wanaopanda mlima. Mungu hakuwajalia mtoto. Wapo waliosema maneno, kama wanavyosema siku zote watu wenye watoto wengi na kazi kidogo. Muchiri, kila aliposhuka mlimani, alimletea kijiwe kimoja kutoka juu, naye akavipanga dirishani. Agosti mwaka wa 1984 theluji ilimkuta Muchiri huko juu, akavua koti lake akampa kijana aliyekuwa anapanda naye kwa mara ya kwanza. Kijana alishuka akiwa hai. Nasirumbi alipoletewa habari aliuliza jambo moja tu: “Huyo mtoto amekula?” Akaingia jikoni akampikia.

Ndipo ulipokuja wito wake, na haukuja na tarumbeta. Shule ya msingi ya Kikatoliki ya Kiamurigo, iliyoko kilomita chache kutoka barabara ya Nanyuki, ilikuwa inatafuta mpishi. Nasirumbi aliajiriwa Januari mwaka wa 1986, akapewa chumba kidogo nyuma ya jiko, na jioni hiyohiyo akaloweka maharagwe. Tangu siku hiyo, kwa miaka ishirini na minane, watoto wa Kiamurigo walikula githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, iliyopikwa na mkono mmoja. Wakamwita Cucu wa Githeri, yaani nyanya yao wa githeri, hata kabla hajaota mvi. Alikuwa na sufuria tatu kubwa, mwiko mrefu kama jembe, na desturi yake ya kazi. Kabla ya kuloweka, alimwaga maharagwe kwenye gunia safi na kuyachambua punje kwa punje. Mawe aliyatupa nje. Maharagwe makavu yale magumu, ambayo wapishi wengine huyaita mafu na kuwarushia kuku, aliyaweka kando kwenye ndoo yake yenye maji ya vuguvugu, akayaacha humo siku mbili, hata tatu, akibadilisha maji. Yakiiva, husemekana, yalikuwa matamu kuliko mengine.

Padre wa wakati ule alimwona alivyo na watoto, akampa kazi ya pili, isiyo na mshahara ila wa mbinguni. Jumamosi awafundishe katekisimu wale walioshindwa kujibu maswali na kurudishwa nyuma katika Komunyo ya Kwanza. Yeye aliwafundisha kwa vitendawili, huku wakimenya viazi. “Gwata ndai!” aliwaambia kwa Kikuyu chake cha Kimilili, wakacheka mpaka visu vikawaponyoka, wakajibu, “Ndagwata!” Akatega: “Mgeni wangu hana miguu, akiingia jikoni wenyeji wanatoka wakilia.” Wakasema moshi. Akatega tena: “Baba ana watoto wengi kuliko mchanga, na kila mmoja anafikiri ako peke yake nyumbani.” Hapo wakainamia viazi vyao, mpaka mmoja, tena yule aliyesemwa na wote kuwa ni mzito, akanong'ona, “Ni Mungu, Cucu.” Sasa mtu atuambie, huyo mtoto alikosa nini katika katekisimu?

Alijaribiwa pia. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, nchi ilipochafuka, familia zilizofukuzwa Bonde la Ufa zilifika Kiamurigo zikiwa zimebeba magodoro na watoto, zikalala madarasani. Vijana fulani wakasimama mlangoni pa jiko wakasema mpishi anayetoka magharibi aondoke, chakula cha watu hawa kisipikwe na mkono wa huko. Nasirumbi alimpa mkubwa wao mwiko, akamwambia, “Basi koroga wewe, mimi niende kuchota maji.” Kijana akakoroga, moshi ukamtoa machozi, na hakuna aliyejua ni moshi peke yake au na kitu kingine. Wachuka, aliyekuwa akimsaidia kupakua, aliapa mbele ya padre kwamba magunia mawili ya mahindi yaliyokuwa stoo yaliwalisha watu wale siku tisa, na kwa hesabu yoyote ya jikoni yangekwisha siku ya nne. Kanisa halijatamka neno juu ya jambo hilo, nasi hatutalitamkia. Tunaandika alivyosema Wachuka.

Lakini jaribu lenyewe, lile ambalo kwa sababu yake jina la Nasirumbi linatajwa leo, lilitoka ndani ya shule, tena shule yenye msalaba juu ya lango. Mwaka wa 2010 alikuja mwalimu mkuu mpya, Bwana Mburu, mtu wa bidii, mwenye tai kila siku na kiatu kinachong'aa hata matope yakiwa magotini. Alikuta Kiamurigo ikiwa ya mwisho mwisho katika mtihani wa darasa la nane, na kwa miaka minne akaipandisha mpaka ikawa ya kwanza katika eneo lote. Wazazi wakamwimbia. Walihamisha watoto kutoka Othaya, wengine kutoka Timau, waje wasome Kiamurigo. Na njia aliyotumia? Hii hapa, na tuiseme bila kuipaka sukari. Kila Januari alichukua orodha ya darasa la nane, akapiga mstari chini, na wote walioanguka chini ya mstari akawaandikisha kufanyia mtihani katika kashule kadogo ka mabati kalikokuwa chini mtoni. Walisoma Kiamurigo, walivaa sweta ya Kiamurigo, walifagia kanisa la Kiamurigo. Siku ya mtihani ilipofika walikuwa watoto wa mtoni. Kwa hiyo alama zao hazikushusha wastani wa shule. Ndio huo ushindi uliochinjiwa mbuzi.

Na walijua wengi! Walimu walijua, kamati ya wazazi ilijua, na hata Padre Mwangangi, paroko aliyetoka Ukambani na aliyekaa katika bodi ya shule kwa niaba ya Kanisa, alikuwa amesikia akaacha lipite, kwa maana aliambiwa ni mpango wa kuwasaidia watoto wazito wasiaibike. Kuwasaidia! Kumficha mtu kwenye giza halafu kusema unamkinga na jua. Waumini wa Kiamurigo walipiga magoti kila Jumapili mbele ya Bwana aliyeacha kondoo tisini na tisa amtafute mmoja, na Jumatatu wakampongeza mchungaji aliyetupa kumi na mmoja ili kundi lionekane nono. Inauma kuandika, lakini ni sharti iandikwe.

Mwaka wa 2014 waliokuwa chini ya mstari walikuwa kumi na mmoja. Miongoni mwao alikuwa Kagure, msichana wa miaka kumi na minne aliyelelewa na shangazi. Kagure alisoma maneno kinyumenyume na kuzungumza kwa kukwama, lakini angeweza kukuambia kwa harufu tu kama githeri imebakisha nusu saa. Alikuwa mwanafunzi wa Nasirumbi wa Jumamosi. Majina yalisomwa kwenye paredi, mbele ya shule nzima, na Kagure alipoulizwa na Cucu jioni ameitwa kwa nini, alisema, “Nimeambiwa mimi si wa hii shule. Lakini nisiende mahali.” Nasirumbi akakaa juu ya gogo. Miaka karibu hamsini ilikuwa imepita, na bado mzigo ule wa kuni ulikuwa mgongoni pake. Orodha ya watahiniwa ilikuwa ifungwe mwishoni mwa Februari. Baada ya hapo hakuna ambaye angeweza kuwarudisha.

Akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu akiwa na aproni. Maneno yao yalisikiwa na karani, naye ndiye aliyeyahifadhi.

“Mwalimu, hii watoto umetoa, warudishe. Ni wetu.”

“Mama Nasirumbi, wewe ni mtu wa jikoni, wacha nikueleze kwa lugha ya jikoni,” Bwana Mburu akasema, tena kwa upole. “Wewe ukipika si unachambua maharagwe? Ile mbaya si unatupa? Na mimi nachambua.”

“Natupa mawe, Mwalimu. Ile ngumu situpi. Naloweka.”

Bwana Mburu akacheka kidogo, akatazama saa. “Haya basi, mama. Githeri ya leo ilikuwa tamu.”

Hayo ndiyo majibu aliyopata mjane wa Muchiri. Na kana kwamba haikutosha, siku tatu kabla ya Misa ya shukrani ya shule aliitwa tena ofisini. Misa ilikuwa iadhimishwe Jumamosi, tarehe kumi na tano Februari. Wageni wa elimu wangekuja, na mmoja wao alikuwa na tabia ya kumsimamisha mtoto yeyote na kumuuliza swali. Bwana Mburu akampa ufunguo. “Hao kumi na mmoja utakaa nao kwa stoo ya kuni mpaka wageni waende. Uwape chai na chapati. Wasipige kelele.” Anita, mwenyekiti wa wazazi, ambaye binti yake alikuwa wa kwanza darasani, alikuwa ameketi hapo akipanga ratiba, akaongeza, “Na usiwaonee huruma sana, Cucu. Si ati tunawaua. Ni siku moja tu.”

Nasirumbi alitazama ule ufunguo. Kisha akauliza kama jiko nalo linaweza kuleta matoleo siku hiyo, kama darasa moja moja. Bwana Mburu alifurahi sana. “Lete kabisa! Leta kuku, leta mboga. Jiko litafunga mstari.”

Hapa msomaji wa mbali aelezwe desturi ya Kiamurigo, kwa maana mambo yote yalisimama juu yake. Wakati wa matoleo watu hupeleka altareni kwa maandamano vitu vya shamba na vya mkono: mikungu ya ndizi, viazi, jogoo aliyefungwa miguu, mtungi wa maziwa, hata mbuzi. Padre hupokea kila kitu kwa mikono yake, kimoja kimoja, asiruke. Baada ya Misa vitu hivyo hupigwa mnada uwanjani kwa ajili ya Kanisa. Na tangu wazee wa kwanza wajenge kanisa lile la mawe, sheria ni moja: kilichopokelewa altareni ni cha Kanisa, aliyekileta hawezi kukirudisha kwake, wala mwingine hawezi kukitoa nje kwa amri yake. Kuna mtu aliwahi kujuta baada ya kutoa ng'ombe mwenye mimba, akalia mpaka kwa askofu, na ng'ombe akabaki wa Kanisa.

Jumamosi ile kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye nyasi. Stoo ya kuni ilikuwa imefunguliwa tangu asubuhi. Nasirumbi alikuwa amepasha maji kwenye sufuria kubwa, akawaosha watoto kumi na mmoja nyuso, shingo na magoti, akawapaka mafuta, akazishona sweta zilizotoboka viwiko. Mmoja akamuuliza, “Cucu, tutachapwa?” Akajibu, “Labda mimi. Nyinyi nyoosheni mgongo.”

Wasichana wa darasa la nne walitangulia wakicheza, nyuma yao darasa moja moja, vikapu vichwani, kwaya ikipiga kayamba. Viazi vikapokelewa. Ndizi zikapokelewa. Jogoo wa walimu akampiga padre bawa la uso, watu wakacheka. Kisha mstari ukaonekana kwisha, kwaya ikaanza kushuka, na ndipo mlangoni akaonekana Nasirumbi na kilemba chake cheupe. Mbele yake alitembea Kagure akishika mwiko mrefu wima kama mshumaa wa Pasaka, na nyuma watoto kumi, wawili wawili, mikono mitupu. Kwaya ikakata katikati ya neno. Viatu vya watoto vilisikika kwenye sakafu.

Padre Mwangangi alikuwa na kipaza sauti kifuani, kwa hiyo aliponong'ona kanisa zima lilisikia. “Mama, umeleta nini?”

“Nimeleta kile niliambiwa nifungie kwa stoo ya kuni, Fatha. Kilikuwa kinaharibika bure.”

“Hawa ni watoto wa wapi?”

Nasirumbi alimgusa Kagure begani. Na Kagure, ambaye kila neno lilikuwa kwake kama jiwe mlangoni, akafungua mdomo, akakwama, akajaribu tena, akakwama. Bwana Mburu alikuwa tayari amesimama. Sauti ya mwanamke ikatoka katikati, na wengi wanasema ni ya Anita: “Huyu mpishi ako na maringo! Si aende akachunge sufuria!” Watu wengine wakaguna kumuunga mkono. Na hili lisisahauliwe, kwamba katika kanisa lile waliomkasirikia mpishi walikuwa wengi kuliko waliowasikitikia watoto. Kagure akajaribu mara ya tatu.

“Wa ha... wa hapa.”

Padre akatazama mikono yake mitupu. Wanaokumbuka wanasema uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesomewa dhambi zake kwa sauti. Kisha akashuka ngazi za altare. Akapokea mwiko, akaulaza juu ya viazi. Akaweka mikono yake miwili juu ya kichwa cha Kagure, halafu wa pili, halafu wa tatu, mpaka wa kumi na moja, hakuruka hata mmoja. Akawaketisha kwenye ngazi, ubavuni mwa jogoo na ndizi, na Misa ikaendelea.

Nje, wakati wa mnada, Mzee Muriithi aliyekuwa akinadi vitu vya matoleo tangu enzi za baba yake aliuza viazi, akauza jogoo, akafika kwa watoto akakuna kichwa. “Na hawa, Fatha, nitaanzia bei gani?” Watu wakacheka, na kicheko kile kilipoza hewa kidogo. Padre akasema, “Hawa hawauzwi, Mzee. Hawa Kanisa limekaa nao.” Bwana Mburu akasogea, akasema kwa sauti ya chini kwamba orodha ilishapangwa, watoto watafanyia mtihani mtoni kama ilivyoamuliwa. Padre akamwambia maneno ambayo hata leo wanaume wa Kiamurigo huyarudia kwenye mikutano: “Mwalimu, nilichopokea altareni, wewe utakitoa na mkono gani?”

Jumatatu majina kumi na moja yalirudishwa kwenye orodha ya Kiamurigo. Na Jumanne Nasirumbi alifukuzwa kazi, kwa kuiaibisha shule mbele ya wageni. Padre alipinga akazidiwa na kamati. Mpishi alipewa siku mbili ahame kile chumba nyuma ya jiko alichokaa miaka ishirini na minane. Alibeba ndoo yake ya kulowekea, kitabu cha sala, na vijiwe vya Muchiri vilivyofungwa ndani ya leso. Wanawake waliokula chakula cha mkono wake walisimama kwenye nyua zao wakitazama, na ni watatu tu waliomsaidia kubeba.

Msiniulize kumi na mmoja walipata alama ngapi mwaka ule. Watu huuliza hilo kabla ya kitu kingine chochote, wakitumaini kusikia kwamba walikuwa wa kwanza, ndipo wakubali kwamba alifanya vyema. Hapana. Wengine walipita, wengine hawakupita, na wastani wa shule ulishuka. Walikuwa watoto wa Kiamurigo walipoingia chumba cha mtihani, na walikuwa watoto wa Kiamurigo walipotoka. Inatosha. Kama haitoshi, basi Injili nayo haitoshi.

Nasirumbi alipanga chumba Naro Moru, akapika githeri ya vibarua kando ya barabara, na kila Jumamosi akapanda kwa miguu kwenda kuwafundisha wazito wake chini ya paa la kanisa. Hakumsema Bwana Mburu kwa ubaya. Mtu alipoanza, alimkatiza, “Huyo naye alilowekwa kidogo. Mwombee.” Mwaka wa 2017 Bwana Mburu alikuwa ameshahamishwa, na mwalimu mkuu mwingine alikuja kumwomba arudi jikoni. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kufuli ya stoo ya kuni iondolewe. Iliondolewa mbele ya macho yake. Akamchukua Kagure awe msaidizi wake.

Aliugua mapafu mwishoni mwa Oktoba mwaka wa 2019, wakati darasa la nane likiwa katika mtihani. Alikataa kulala mpaka alipoambiwa kila mtoto ameingia chumba cha mtihani. Alipokea sakramenti kutoka kwa Padre Mwangangi, aliyelia waziwazi, naye akamtania: “Fatha, moshi umeingia wapi hapa?” Akafariki tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, akiwa na miaka sitini na mitano. Siku ya maziko mvua ilinyesha tangu alfajiri, kuni zote zikalowa, na wapishi wakakata tamaa ya kuwapikia waombolezaji. Kagure aliingia stoo, akasali, akatoka na kuni, akawasha kwa njiti moja ya kiberiti, na kuni zile zilizolowa zikawaka kama majani makavu. Hili nalo linasimuliwa na wote waliokula siku ile.

Katika matoleo ya maziko, mwisho wa mstari, alikuja mzee mwenye tai iliyolowa, amebeba debe la maharagwe. Alikuwa Bwana Mburu. Hakuna aliyempisha. Padre akalipokea debe kama alivyopokea vingine. Nasirumbi alikuwa amemsamehe zamani, na waumini wa Kiamurigo bado wanajifunza, wengine kwa shida.

Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, nasi tunangoja hukumu yake kwa utii. Lakini kila Februari, siku ya Misa ya shule, mstari wa matoleo wa Kiamurigo hufungwa na watoto walioshika nafasi za mwisho, mikono mitupu, na padre huwapokea mmoja mmoja. Na tusidhani ugonjwa umepona. Siku hizi hakuna tena mtihani ule wa zamani, kumekuja mtindo wa picha za simu za kutangaza shule. Mwaka jana mpiga picha aliwapanga watoto mbele ya bendera, akawatoa kando wanne wenye sweta zilizochanika. Kagure, ambaye sasa ndiye mpishi mkuu, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akawashika wale wanne, akawasimamisha mstari wa mbele kabisa. Akamgeukia mpiga picha. Hakukwama hata kidogo. “Piga sasa,” akasema.

Basi, ewe Mkristo unayetaka kumfuata Perpetua Nasirumbi, mfano wake hauhitaji theluji ya mlima wala jangwa. Ukialikwa katika shule ya mtoto wako, na mwalimu mkuu akakuonyesha vikombe kabatini na picha za washindi ukutani, mshukuru. Kisha kabla hujaketi kwenye kiti cha wageni, zunguka nyuma ya jiko, nenda mpaka stoo ya kuni, usukume mlango, uangalie kama kuna mtu ndani.